SOMO LA KIINGEREZA: KUSOMA VITABU NA KUANDIKA MAMBO YETU WENYEWE

Katika namba hii sisi walimu wa Kiingereza tumepewa kurasa chache kusudi tuseme juu ya jambo moja ambalo munalijua na munaliogopa. Jambo hilo ni redaksio.

Kila mwanzo wa mwaka tunatoa kichwa kile kile, "My Holidays". Kiisha tunabeba kaye zaidi ya hamsini nyumbani na tunazisoma usiku. Kaye ya kwanza inasema: "I spent my holidays in Butembo. Butembo is a beautiful town. I visited my uncle. He was very happy. We ate meat and rice." Kaye ya pili inasema vilevile. Ya tatu vilevile, ila mjomba amegeuka shangazi. Tukifika kwa kaye ya makumi mbili tunaelewa ya kwamba iko redaksio moja tu inayotembea katika masomo yetu tangu miaka mingi. Kaka mkubwa alimpa mdogo wake, na mdogo akainakili sawasawa, pamoja na makosa yake. Mwanafunzi moja alituandikia ya kwamba alikwenda likizo Butembo. Lakini yeye anakaa Butembo, tena karibu na soko!

Tulicheka. Kumbe kosa lilikuwa letu kwanza.

Juu ya nini wanafunzi wanafanya hivyo? Siyo uvivu tu. Mtihani wa Leta, tangu ulipoanza katika 1967, umetuzoeza kuheshimu kile tu kinachoulizwa. Kwa Kifaransa disertasio iko, na munaiandika mbele ya zile siku kubwa. Kwa Kiingereza munapewa maandishi, munasoma, kiisha munachagua jibu moja kati ya majibu ambayo mtu mwingine alikwisha kuyaandika. Hakuna anayewaomba sentensi hata moja iliyotoka kichwani mwenu. Basi mwalimu anafundisha vile, mwanafunzi anajifunza vile, na redaksio inabaki kama deni tunalolipa mara mbili kwa mwaka kusudi prefe aone pointi ndani ya kaye. Hatutawadanganya: mambo tunayosema hapa hayatawaletea pointi moja kwa moja siku ya mtihani. Yatawasaidia kusoma maandishi haraka zaidi, na kuzijua nyakati za vitendo. Lakini siyo juu ya hiyo tunaandika.

Tunaandika juu ya karatasi moja. Miaka michache imepita, klasi yetu ilipokea wenzenu waliotoka upande wa kaskazini wa teritware ya Beni. Munajua mambo yale. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kule, watu walihama mara kwa mara, na masomo ya Beni na ya Butembo yalipokea watoto waliofika katikati ya mwaka bila kaye na bila bulletin. Kati yao alikuwa dada moja mwenye kunyamaza. Tulitoa kichwa "A Day I Will Remember". Wengi waliandika Noeli. Yeye aliandika nusu ya ukurasa. Tulisoma, tukahesabu makosa kumi na tisa, tukaandika juu kwa biki nyekundu "Past tense!", na chini tukaweka 6 kwa 20. Hatukuandika neno lingine. Tangu siku ile dada yule alitupatia kila mara redaksio ya mjomba na nyama na wali. Ilikuwa na makosa machache, tukampa 13.

Ni mwenzake wa benchi aliyetuambia baadaye. Tulimwita dada yule, tukamwomba ile karatasi ya kwanza. Alikuwa bado nayo, imekunjwa ndani ya kitabu cha hesabu. Sentensi zake tatu ndizo hizi. Alituruhusu kuziandika hapa bila jina lake na bila jina la kijiji:

"My grandmother he take the pot with beans inside. The beans was still hot. He carry it on the head until town."

Someni tena, polepole. Makosa munayaona, yako wazi kama mawe barabarani. Sasa muyaache, muangalie ile chungu. Hakusema "we suffered very much". Hakusema "life was difficult". Alisema tu ya kwamba maharagi yalikuwa bado moto. Kwa neno lile tunajua saa: ni saa ya kula, magaribi. Tunajua haraka: hakuna aliyepata nafasi ya kupakua. Tunajua na roho ya bibi: katika nyumba nzima alichagua kitu kimoja, kile ambacho kesho kitawalisha wajukuu. Mtu ambaye hakukimbia hata siku moja anaweza kuandika "we suffered very much". Lakini ile chungu, ni mutu aliyekuwa nyuma ya bibi njiani tu anayeweza kuiandika.

Tulimwambia hivyo. Yeye akajibu: "Mwalimu, ile chungu tuko nayo mpaka leo."

Basi, hii ndiyo maana ya neno literatire katika klasi yetu ya Kiingereza. Wengi wanafikiri literatire ni orodha ya majina ya watu waliokufa Uingereza, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, ya kukariri na kusahau. Sisi tunasema ni kazi ile ya bibi na chungu, iliyofanywa na watu waliojizoeza. Tunasoma vitabu vyao kusudi tuone namna walivyofanya, halafu tunajaribu.

Mtu moja wa kazi hiyo hakukaa mbali nasi. Ngũgĩ wa Thiong'o, Mkenya, alizaliwa 1938 karibu na Limuru, akafariki Mei 2025. Katika 1955 aliingia Alliance High School, shule ya sekondari iliyoanzishwa na misioni za Kiprotestanti katika 1926. Wakati ule vita ya Mau Mau ilikuwa kali, na kaka yake alikuwa amekwenda msituni. Ngũgĩ alipomaliza kipindi cha kwanza cha masomo alirudi kwao, na hakuona kwao. Nyumba zilikuwa zimebomolewa na watu wamehamishwa kwa nguvu katika kijiji kipya chini ya ulinzi wa askari. Fikirini kijana wa umri wenu, anarudi na matokeo yake mazuri, anatafuta mlango wa mama yake na hauko. Hapa kwetu hatuna lazima ya kueleza zaidi.

Jambo lile alikuja kulieleza kwa urefu katika kitabu chake In the House of the Interpreter, kilichotoka 2012. Hesabuni miaka: hamsini na saba. Mbele ya hapo, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, alikuwa ameandika Weep Not, Child, kilichotoka 1964. Ni hadithi ya Njoroge, mtoto anayependa masomo kuliko kitu chochote, na vita inamfuata mpaka ndani ya shule. Katika 1962, walipokutana pale Makerere waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza, Ngũgĩ alimpa Chinua Achebe karatasi za kitabu hicho azisome. Achebe alikuwa tayari mwandishi mkubwa, maana Things Fall Apart kilikuwa kimetoka 1958. Na mbele ya hayo yote, katika 1957, gazeti la wanafunzi wa Alliance lilichapa andiko moja la Ngũgĩ. Gazeti la wanafunzi, kama hili munaloshika!

Sasa munauliza: tutasomaje, na kitabu kiko kimoja kwa klasi nzima? Ni kweli. Cha Weep Not, Child tuko nacho kimoja, na kurasa za mwisho zimetoka. Tunafanya hivi. Tunachagua kipande kifupi, mistari kumi ao kumi na miwili, tunakiandika ubaoni, ninyi munakinakili. Hatutafsiri neno kwa neno. Kwanza tunasoma kwa sauti mara mbili. Kiisha tunauliza: katika mistari hii, ni kitu gani munaweza kushika kwa mkono? Mlango, fimbo, shati, mbegu? Andikeni vile vitu pembeni. Halafu: ni nani anayeona vitu hivyo, na amesimama wapi? Na neno gani mwandishi hakulisema, lakini sisi tumelisikia? Kwa swali hili la tatu klasi inaamka. Mwaka uliopita watu wa ya tano waligombana nusu saa juu ya baba mmoja katika hadithi, kama ni mwoga ao ni mwenye busara, na waligombana kwa Kiingereza, kibovu lakini Kiingereza. Kengele ililia na hakuna aliyetoka.

Halafu kuandika. Musianze na Kiingereza. Anzeni na kinywa. Mwambie jirani yako wa benchi jambo lile kwa Kinande ao kwa Kiswahili, kama vile unavyomsimulia mama jioni. Jirani asikilize, na kazi yake ni kuuliza tu: alivaa nini? Nani alisema hivyo? Mvua ilikuwa inanyesha? Munafanya hivyo vizuri sana mukiwa njiani kutoka masomo, wakati mwalimu hasikii. Ni mukiona karatasi ndipo munakuwa watu wa mkutano, wenye maneno makubwa. Hata ushuhuda siku ya Yenga kanisani wakati mwingine ni vile: "Mungu alinitendea mambo makuu," na anakaa, nasi tunabaki na njaa ya kujua mambo gani, siku gani, wapi.

Ukimaliza kusimulia, andika sentensi fupi kwa Kiingereza. Na hapo gramere inakuja yenyewe, maana unaihitaji. Angalieni: "We were eating when we heard people running." Katika sentensi hii vitendo viwili havifanani. Kula kulikuwa kunaendelea. Kusikia kulikuja mara moja na kukakata kule kula. Ile ya kwanza inaomba "were eating", ile ya pili inaomba "heard". Tulifundisha kanuni hii miaka na miaka kwa sentensi za kitabu, za bwana moja aliyekuwa anaoga wakati simu ililia, na hakuna aliyeishika. Mwanafunzi aliyeandika juu ya usiku wake mwenyewe aliishika kwa siku moja.

Makosa mengine yanatoka kwa lugha zetu, na siyo haya. Dada yetu aliandika "my grandmother he". Juu ya nini? Kwa Kinande na kwa Kiswahili hatutengi mwanamume na mwanamke kwa neno "yeye". Bibi ni yeye, babu ni yeye. Kifaransa nacho kinatuchanganya upande mwingine, kwa sababu son na sa zinafuata kitu, hazifuati mwenye kitu. Kwa Kiingereza munatazama mwenye kitu: bibi na kichwa chake, "her head", babu na kichwa chake, "his head". Kosa lingine linatoka Kifaransa: "I live in Beni since three years". Sema "I have lived in Beni for three years", kama ungali unakaa Beni. Ukisema "I lived in Beni for three years", msomaji ataelewa ya kwamba ulikwisha kutoka. Kwa mtu aliyehama, hizo mbili ni maisha mawili tofauti.

Sentensi za dada, zikisahihishwa, ziko hivi: "My grandmother took the pot with the beans inside. The beans were still hot. She carried it on her head all the way to town." Munaona? Chungu haikuanguka. Tumenyoosha njia tu.

Sisi vilevile tumegeuza namna ya kusahihisha. Leo tunasoma kila redaksio mara mbili. Mara ya kwanza tunashika kreyo, na tunaandika swali moja juu ya mambo yenyewe, kama vile "Bibi alisema nini mulipofika?" Mara ya pili tunashika biki nyekundu, lakini kwa kosa la namna moja tu: juma hili vitendo vya wakati uliopita, juma lijalo "he" na "she". Pointi kumi kwa mambo, kumi kwa lugha. Mwenzetu moja, mwalimu mzee tunayemheshimu, anasema tunaharibu watoto, maana kosa lisilopigwa mstari linaota mizizi. Hana makosa kabisa. Tumeona makosa mengine yakikaa muda mrefu. Lakini kaye yenye mistari mingi tunaweza kuisahihisha mwaka mzima, na ile ya mjomba na nyama haina kitu cha kusahihisha.

Wazazi wengine wanauliza: mtoto wangu atakula redaksio? Tunajibu ya kwamba Kiingereza kinafanya kazi kwetu. Mwenye kuleta bidhaa kupitia Kasindi anakisikia kila safari, na Beni iko universite, UCBC, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza tangu 2007. Swali gumu zaidi lilitoka kwa mwanafunzi wa ya sita: "Mwalimu, juu ya nini tuandike machozi yetu kwa lugha ya wageni?" Ngũgĩ mwenyewe alifika kwa swali hilo. Tangu 1977 aliamua kuandika hadithi zake kwa Kikikuyu, na kitabu chake cha kwanza cha namna hiyo alikiandika gerezani Kamiti juu ya karatasi za choo, kilitoka 1980. Kwa hiyo hatumkatazi mwanafunzi anayetaka kuandika ukurasa wa kushoto kwa Kinande na wa kulia kwa Kiingereza. Wawili wanafanya hivyo mwaka huu, na ule wa kushoto, tuseme kweli, ni mzuri zaidi.

Tena musifikiri ya kwamba tunaomba vita tu. Moja kati ya redaksio tulizozipenda ilikuwa juu ya ndoo. Munakumbuka Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Kaka moja aliandika juu ya ndoo ya maji ya klorini kwenye mlango wa shule, harufu yake iliyokaa mikononi mpaka saa ya kula, na ile mashine ya kupima joto waliyomwelekezea kwenye paji la uso. Aliandika ya kwamba kila asubuhi alifumba macho. Mwingine aliandika juu ya chukudu ya baba yake na namna ya kuishika kwenye mteremko. Klasi ilicheka mpaka machozi, na yeye alisimama mbele kama waziri.

Bado neno la mwisho juu ya usalama, na hili si mchezo. Karatasi inatembea kuliko miguu. Musiandike jina la mtu aliye hai aliyefanya ao aliyefanyiwa mabaya, wala jina la mtaa mahali mtu amejificha, wala cheo cha askari. Andikeni "my neighbour", andikeni "a man". Hatutamlazimisha mtu kusoma mbele ya wengine. Ukiandika juu ya kaye "not aloud", tutasoma sisi tu na tutanyamaza. Na kama kuna jambo ambalo hutaki kulifungua, usilifungue. Kila mara tutatoa vichwa viwili, kimoja kikiwa chepesi. Mtu asifikiri ya kwamba mwenye kuchagua chepesi atapewa pointi chache. Na mkiona mwenzenu ameanza kulia akiandika, musimcheke wala musimzunguke. Mtu moja amtoe nje polepole, na moja aite mwalimu.

Kazi ya juma hili, kwa ya tano na ya sita. Tafuta kitu kimoja katika nyumba yenu ambacho kilisafiri, ao ambacho kilikaa kufasi moja wakati watu walisafiri. Kinaweza kuwa sufuria, kiti, redio, ufunguo. Uliza mkubwa wa nyumba habari yake, umsikilize mpaka mwisho bila kuandika. Halafu andika sentensi kumi kwa Kiingereza, zisizozidi, na neno "suffer" lisionekane ndani. Wa saba na wa nane waandike sentensi tano, kichwa ni "The Door of Our House". Kaye zifike kwetu siku ya ine, mbele ya saa sita. Dada yule wa chungu, ambaye alikwisha kupata diploma yake, amekubali kuja siku ya tano kusoma pamoja nasi.